Kata tawi, mzizi uuache

Leo tuzungumze juu ya majani ambayo wengi wetu tuliyajua kabla ya kufika hapa.

Kuna mmea ambao Warundi na Wanyarwanda wanauita umuravumba. Kuna mwingine wenyeji wetu hutia kwenye chai, mujaaja. Pwani huitwa kivumbasi. Yote miwili ni ya ukoo wa mnanaa. Shika shina changa kwa vidole: lina pembe nne. Sugua jani, harufu inapanda. Ila angalia, hata lantana ina shina la pembe na harufu kali, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Mmea usioujua, usiuchume.

Watu wamekuwa wakikimbilia Nakivale tangu miaka ya 1950 na 1960, na vichaka vinazidi kulimwa. Mama anayetafuta umuravumba anakwenda mbali, anaingia shamba la mwenyeji bila kuomba, maneno yanaanza. Akiupata anaung'oa wote, maana hajui kama atauona tena.

Usiung'oe. Kata tawi la urefu wa shibiri, toa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu mvua zikianza. Kiangazi, maji uliyooshea mboga yanalitosha. Jambo ambalo wengi hawalijui: umuravumba una mmea dume na mmea jike. Matawi yote yakitoka kwa mmea mmoja, hakutakuwa na mbegu. Omba tawi jingine kwa jirani. Mujaaja ni rahisi zaidi: maua yakikauka, pukuta mbegu, panda.

Moshi wa mujaaja unafukuza mbu, lakini neti usiiuze. Na mtoto akipata homa, usimnyweshe umuravumba ukingoja kesho. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria leo. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kuna watafiti wa dawa za asili, nao wana vipimo. Sisi jikoni tunakadiria kwa mkono tu, kwa hiyo mama mjamzito asinywe.

Je, kwenu mimea hii inaitwaje, kwa Kibembe, kwa Kifuliiru? Tuletee majina hayo, tutayasoma hapa wiki ijayo.