Kiwanja kigumu kijengwe Rumonge

Mmesikia habari za tenisi kutoka Melbourne. Australian Open, wanaume kwa wanawake, inachezwa kwenye kiwanja kigumu tangu 1988. US Open ilianza kuchezwa juu ya sakafu ya aina hiyo 1978, na tangu 1973 bingwa mwanamke hupata zawadi sawa na mwanamume. Huo ni uamuzi wa haki, na ulipaswa kuja mapema zaidi.

Kwetu Burundi tenisi ni udongo mwekundu wa Bujumbura. Mji huo umetupa Hassan Ndayishimiye, aliyecheza Wimbledon ya vijana, na Sada Nahimana, aliyepambana katika mashindano makubwa ya vijana duniani. Lakini udongo hupunguza kasi ya mpira. Kwenye sakafu ngumu mpira hukufikia kabla hujapanga miguu, na mwenye mazoea ya udongo huumbuka.

Ndiyo maana nataka kiwanja kigumu kijengwe Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Udongo mwekundu unadai kumwagiwa maji, kushindiliwa na kuchorwa mistari upya, na masika huusomba. Sakafu ya saruji yenye mteremko mdogo hukauka upesi, na watoto wanaweza kuchezea hapo mpira wa kikapu na wa wavu pia. Ijengwe juu, mbali na ufukwe wa kuanikia ndagala, maana ziwa limepanda na kuingia majumbani. Na saa za jioni, jua likipoa, wasichana wagawiwe zamu sawa na wavulana tangu siku ya kwanza.