Uwazi ni Haki ya Mwananchi



Madaraka ni dhamana. Aliyekabidhiwa mali ya watu hana budi kuwaeleza wenyewe atakavyoitumia, tena kabla ya kuitumia. Hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Pale Shangani, ufukweni, lipo jengo la Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Kando yake palikuwa na uwanja wa wazi. Mahali hapo alipewa mwekezaji, na mwaka 2015 hoteli ikafunguliwa. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa hiyo Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ujenzi huo, na maazimio yake huchapishwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Tujiulize: mkazi wa Shangani asiyezijua lugha hizo, angeyasoma wapi masharti ya mradi kwa Kiswahili? Je, ni haki mtu wa Paris kupata habari za uwanja wetu kabla ya mtoto aliyeuchezea?

Wapo wasemao kwamba hoteli huleta ajira. Ni kweli, wala hatuna ugomvi na hoteli. Tunalolisema ni namna ya kuamua. Uamuzi mwema haupungukiwi kitu ukitangazwa. Uamuzi mbaya hurekebishika ungali karatasini. Ukuta ukishasimama, hubaki manung'uniko ya barazani. Manung'uniko yakikosa majibu huzaa uvumi, na uvumi huvunja amani.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, yampa kila raia haki ya kupewa taarifa. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inahusu Tanzania Bara tu. Aidha, diwani tunamchagua, bali sheha huteuliwa. Basi na tudai mambo matatu: tangazo la Kiswahili ofisini kwa sheha kabla ya uamuzi; muda wa kutosha wa kutoa maoni; na kutangazwa kwa sababu za uamuzi pamoja na kodi itakayolipwa.

Nasi tutimize wajibu wetu. Tuhudhurie mikutano, tuulize kwa adabu na kwa maandishi, Waislamu na Wakristo pamoja, kwani mji ni wetu sote. Mficha maradhi, kilio humfichua.