Maumivu ya Nyonga kwa Vijana: Picha Pekee Haitoshi

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa kaunti



Mtu akisema nyonga inamuuma, mara nyingi hushika kiuno au tako. Lakini maumivu yanayotoka ndani ya kiungo chenyewe kwa kawaida husikika mbele, kwenye kinena. Wengine huikumbatia nyonga kwa mkono mmoja, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele. Daktari akiona mkono umekaa hivyo, huanza kushuku kiungo.

Chukueni mfano wa kijana wa miaka 20, winga wa timu ya kijijini. Kinena kinamuuma akipiga mpira, akichuchumaa, au akikaa kwenye matatu safari ndefu. Anaambiwa amevuta msuli. Anakandwa, anapumzika wiki mbili, anarudi uwanjani, na maumivu yanarudi pamoja naye. Huenda ni msuli kweli. Lakini ikipita miezi hali ni ile ile, kuna jambo lingine la kuchunguzwa: kubanana kwa nyonga.

Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja, nacho kikombe kimo kwenye mfupa wa fupanyonga. Kwa watu wengine shingo ya mfupa wa paja ina kinundu, hivyo kichwa si duara kamili. Aina hiyo huitwa kemu, na fundi yeyote wa magari anayeijua kamshafti ataelewa kwa nini. Kwa wengine ukingo wa kikombe umezidi na kufunika tufe kupita kiasi. Wapo wenye yote mawili. Goti likipandishwa kuelekea kifuani, mfupa hugonga ukingo, na baada ya muda ukingo laini wa kikombe huchanika na gegedu hulika. Mwaka 2003 daktari Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza kwamba mgongano huu unaweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa kulika kwa nyonga.

Uchunguzi huanza kitandani, kabla ya mashine yoyote. Mgonjwa hulala chali, goti hukunjwa, kisha paja husukumwa kuelekea upande wa pili na kuzungushwa kwa ndani. Kinena kikiuma, kiungo kinashukiwa. Hata hivyo kipimo hiki huwauma pia watu wenye shida nyingine za nyonga, kwa hiyo hakimalizi kesi.

Hapo ndipo eksirei huingia. Zinahitajika picha mbili: moja ya fupanyonga yote kutoka mbele, nyingine ya shingo ya mfupa kutoka pembeni. Kinundu mara nyingi hukaa mbele na juu, na picha ya mbele peke yake inaweza kukikosa. Mtaalamu hupima pembe inayoitwa alfa. Ikizidi takriban digrii 60, wengi huhesabu kwamba kinundu kipo. Eksirei hiyo hiyo huonyesha kama nafasi ya kiungo imepungua, na inaweza kufichua magonjwa mengine, kama kifua kikuu cha mifupa au kichwa cha mfupa kilichokufa kwa sababu ya selimundu.

MRI huonyesha kile ambacho eksirei haioni, yaani gegedu na ukingo laini, na haitumii mionzi. CT huchora umbo la mfupa kwa undani, hasa upasuaji unapopangwa, lakini mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi. Watu wengi wana kinundu hicho na hawajawahi kuumwa hata siku moja. Ndiyo maana makubaliano ya wataalamu wa kimataifa, yaliyochapishwa mwaka 2016 na kupewa jina la Warwick, yanataka mambo matatu yakutane: dalili za mgonjwa, matokeo ya uchunguzi wa mwili, na picha. Mtu akipasuliwa kwa sababu ya picha tu, huenda akarudi nyumbani na maumivu yale yale, pesa zikiwa zimekwisha.

Tena upasuaji si hatua ya kwanza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye wagonjwa 348, ulilinganisha upasuaji wa tundu dogo na mazoezi ya tiba yaliyopangwa kwa kila mgonjwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu. La upasuaji lilipata zaidi kiasi.

Kwa hiyo anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, mpate rufaa. Bebeni picha za zamani, hata kama ni za miaka iliyopita, ili zilinganishwe. Mama aliye mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, amwambie mpiga picha kabla ya kuingia chumbani. Mwenye chuma au kifaa mwilini aseme kabla ya MRI.

Na mtoto anayechechemea asingojee. Akiwa na homa, au akishindwa kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa aliye kati ya miaka 10 na 16, hata akilalamikia goti tu, wazazi waombe nyonga nayo iangaliwe, kwa sababu kichwa cha mfupa kinaweza kuteleza kutoka mahali pake huku maumivu yakisikika gotini.