Nibane Vidole, Sasa Niachie
Kijana wa bodaboda kaanguka, kaletwa mapokezi, anaongea. Ndugu wanauliza mbona haruhusiwi. Muuguzi anarudi tena: leo siku gani? Nibane vidole, sasa niachie. Kuachia ndiko kunakopima; kubana hata kichanga anabana.

Kipimo hiki cha fahamu kilitoka Glasgow mwaka 1974, kazi ya Graham Teasdale na Bryan Jennett. Leo kinahesabu macho alama 4, maneno 5, mwendo wa viungo 6, jumla 15. Ya chini kabisa ni 3, hata kwa asiyejibu lolote.

Lakini namba moja haitoshi. Aliyepata 15 saa nne, saa sita akashuka hadi 13, huenda damu inavujia ndani ya fuvu. Tochi ikionyesha mboni moja imetanuka, muda uliobaki ni mchache mno.