Kuba Iliyo Karibu na Ngome

Tukitoka Ngome ya Yesu na kufuata Barabara ya Nkrumah, mara tunaiona kuba ya Kanisa Kuu la Ukumbusho. Wageni wengine hudhani ni msikiti, nasi hatukasiriki. John Sinclair, aliyechora pia majumba ya serikali kule Unguja, alilipa matao na kuba za pwani hii. Ujenzi ulianza 1903, likawekwa wakfu 1905. Nyumba ya Mungu ya Mombasa ifanane na nini, kama si na Mombasa?

Ni ukumbusho wa Maaskofu James Hannington na Henry Parker, na wa Alexander Mackay. Hannington aliuawa Busoga, Oktoba 1885. Lakini tuketipo humo ndani huwakumbuka na wapagazi wapatao 50 waliosonga mbele pamoja naye. Msafara ulitoka Rabai mwezi wa Julai. Walionusurika ni wachache mno. Sisi wachungaji tumewataja mara ngapi madhabahuni?

Tuombe. Ee Bwana, unawajua wote waliobeba mizigo ile, kila mmoja kwa jina lake. Amina.