Jinamizi na Kuweweseka Usiku: Tuogope au Tuelewe?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, mama zangu na vijana wenzangu, mada ya leo ni ya kitandani. Msicheke! Hakuna nyumba ambayo jambo hili halijapita. Mtu amelala, mara anafungua macho. Anaona dari, anaona chandarua, anamsikia nduguye akikoroma pembeni. Lakini mkono hauinuki, ulimi hautamki, na kifuani pamekaa kitu kizito. Pengine anaona kivuli mlangoni. Akija kuzindukana, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Hilo ndilo wazee wetu waliloliita jinamizi.

Asubuhi akisimulia, majibu huwa tayari: "Umetupiwa kitu," "Ni jini huyo," "Jirani yule si mzuri." Sasa tujiulize, mwilini mnapita nini?

Mwili unapochelewa kuamka

Usingizi huenda kwa mizunguko, na mzunguko mmoja kwa mtu mzima ni kama dakika 90 hivi. Ndani yake mna usingizi mzito, na mna usingizi wa ndoto ambao macho huchezacheza chini ya kope. Katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ya mikono na miguu. Hiyo ni rehma, manake kama si hivyo, ukiota unakimbizwa na mbwa ungeamka na kukimbia kweli, ukajigonga ukutani.

Jinamizi hutokea pale akili inapoamka kabla ya mwili. Macho yamefunguka, lakini ile amri ya kulegeza misuli haijaondolewa. Ndoto nayo haijakatika, ndiyo maana unaona kivuli ndani ya chumba chako mwenyewe. Sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu inafanya kazi kwa nguvu. Kifua ni kizito kwa sababu misuli ya mbavuni imelegea, ila kiwambo kilicho chini ya mapafu kinaendelea na kazi yake, kwa hivyo pumzi haikatiki. Hali hii huchukua sekunde kadhaa, au dakika chache tu, kisha hupita yenyewe.

Wala si yetu peke yetu. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa watu kama 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja, na kwa wanafunzi ni kama 28 katika 100. Wajapani wana jina lake, kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wazee husema mtu amekaliwa na bibi kizee. Mwili ni ule ule, kila watu wanamwona yule waliyesimuliwa tangu utotoni.

Na waganga wa Kiislamu walilijua zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliandika katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kwa jina la kabus, na akalitafutia sababu za kimwili na dawa. Yeye alikuwa Mwislamu, na hilo halikumzuia kuuchunguza mwili.

Hofu isiyoeleweka ina madhara

Huenda kijana akauliza, "Kwani ikisemwa ni jini, kuna hasara gani?" Ndugu yangu, hasara ipo. Mwaka 1995 Pemba na Unguja ziliingiwa na hofu ya Popobawa. Watu walisema wanakabwa usiku, hawawezi kusogea wala kupiga kelele. Wako watafiti walioona kuwa visa vingi vinafanana na jinamizi hili tunalolizungumza. Familia zilikesha nje zikiota moto, na mjini Zanzibar mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili aliuawa na watu waliomdhania ndiye Popobawa. Nafsi ya mwanadamu ilitoka kwa sababu ya dhana.

Hata hapa kwetu, msichana wa bweni akipatwa mara mbili huambiwa ana mashetani. Wenzake wanamkimbia, yeye anaogopa kulala, na kadiri anavyokosa usingizi ndivyo jinamizi linavyozidi. Mzazi anauza mbuzi kumlipa mganga. Na jirani wa watu asiye na kosa anakatiwa salamu.

Sisi Waislamu tunaamini majini wapo, Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa wapo si kusema kila kinachotokea usiku ni wao.

Mtoto anayepiga kelele usiku

Hili ni jambo jingine, wazazi msilichanganye na la kwanza. Mtoto, mara nyingi baina ya miaka 3 na 12, anaketi kitandani ghafla na kupiga ukelele. Macho yamemtoka, jasho jingi, na hata mamake hamtambui. Baada ya dakika chache analala tena, na asubuhi hakumbuki kitu. Huku ni kuweweseka kwa hofu. Hutoka kwenye usingizi mzito, kwa kawaida katika saa za mwanzo za usiku. Uchovu, homa na kukosa usingizi huchochea, na katika baadhi ya familia hurithiwa. Wengi hupona wenyewe wanapokua.

Usimtikise, usimzabe kofi, usimmwagie maji. Kaa karibu naye, zungumza kwa upole, mlinde asianguke. Asimlalie mwenzake kitanda cha juu. Ikiwa hutokea saa ile ile kila usiku, mwamshe taratibu dakika kama 15 kabla.

Na Ramadhan hii tuwe waangalifu. Mtoto wa miaka 6 anakesha mpaka baada ya tarawehe, kisha anaamshwa daku, kisha shule. Akiweweseka usiku, kabla ya kumtafuta mchawi, hesabu saa alizolala.

Tufanye nini?

Kwanza, tulinde usingizi. Vijana, baada ya tarawehe simu ni mpaka saa nane, wengine ni miraa na muguka mpaka daku. Hapo jinamizi limealikwa. Lala mapema, na ukipata qailula mchana, jipumzishe kidogo.

Pili, tushike sunna. Mtume (S.A.W.) alitufunza kulala kwa ubavu wa kulia. Madaktari nao wanasema jinamizi huwapata zaidi wanaolala chali. Soma Ayatul Kursi na Qul tatu. Moyo uliotulia hulala vizuri.

Tatu, likikupata usipigane nalo. Jiambie, "Hili linapita." Mdhukuru Allah moyoni, pumua polepole, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu. Ukizinduka, inuka, tia udhu, usirudi kulala chali.

Nne, tujue wakati wa kwenda hospitali. Ikiwa mtu anatetemeka viungo, anatoka povu, anajing'ata ulimi au anajikojolea, huenda ni kifafa. Ikiwa anasinzia ghafla mchana, au akicheka magoti yanalegea, hayo pia yana ugonjwa wake na dawa yake. Vivyo hivyo anayekoroma huku pumzi inakatika, au aliyeanza kuogopa usiku baada ya kupigwa au kushuhudia mauaji. Kumsomea Qur'ani ni kheri, na kumpeleka kwa daktari ni kheri. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu. Moja halifuti jingine.

Ninalowaomba leo ni dogo. Mtu akikusimulia lililompata usiku, usiwe wa kwanza kumtajia mchawi. Muulize, "Juzi na jana ulilala saa ngapi?" Huenda swali hilo likaokoa mtoto, pesa, na ujirani.

Allah atujaalie usingizi wa amani, na azikubali funga zetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.