Ubatizo na Damu



Kazi yangu serikalini ni kupitia maombi ya watu. Kwa hiyo nitasema juu ya maombi.

Mwaka 1449 mji wa Toledo, Hispania, uliwanyima vyeo Wakristo wenye asili ya Kiyahudi. Walikuwa wamebatizwa, kosa lao lilikuwa damu. Papa Nikolasi wa Tano aliilaani amri hiyo mwaka ule ule, lakini desturi ilienea. Mwenye kuomba cheo alitakiwa athibitishe kwamba ukoo wake ni “safi”.

Wahispania walivuka bahari na desturi hiyo hadi Amerika. Huko swali la dini likageuka swali la rangi. Mwaka 1555 mtaguso wa maaskofu wa Mexico ulikataza wenyeji, machotara na wenye asili ya Kiafrika wasipewe upadre. Martín de Porres wa Lima, mwana wa Mhispania na mama mweusi, alipokewa utawani kama mtumishi tu. Mwaka 1962 Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Nakiri, hata mimi nikisoma jina la mwombaji, moyo hutaka kwanza kujua ametoka wapi. Vijana, kesho mtakaa kwenye meza hiyo. Pimeni kazi ya mtu. Msimwulize babu yake.